Jembe Makaburini

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa afisa wa mazingira kupuliza chai yake ya maziwa. Kisha mama mmoja mkulima akaingia ofisini kwake, hapa Masisi, matope yamemfika magotini.

"Papa, mvua ya jana imekata mulima. Udongo inaanguka mpaka kwa makaburi."

Mimi nilikuwa kwenye benchi, nimekuja kwa jambo hilohilo. Kaburi la mke wangu ndilo lililo karibu zaidi na ukingo unaomeguka, juu ya mto.

Afisa akaweka kikombe chini. "Mama, mvua haiko ile ya zamani. Tupande mianzi pale kesho, mizizi ishike udongo."

"Na jembe?"

Afisa akajikuna shingo. Kwetu jembe huingia makaburini siku ya mazishi tu. Anayelipeleka pasipo maiti anaita kifo nyumbani mwake.

"Njo anza weye," mama akamwambia. "Uko na diplome."

"Niko na watoto, Mama."

"Na mimi niko na wajukuu."

Wote wawili wakatazama dirishani.

Tulifundishwa kwamba kuhifadhi ni kuacha mahali kama wazee walivyopaacha. Lakini wazee hawakuijua mvua hii. Tukiendelea kutii hivi, tutawasindikiza wafu wetu hadi mtoni kwa heshima zote.

Nyumbani kwangu hakuna mtoto wala mjukuu. Kifo kikiitwa, kitanikuta mimi peke yangu. Asubuhi iliyofuata nilichukua jembe, nikapanda kilimani, nikachimba shimo la kwanza la mianzi chini kidogo ya miguu ya mke wangu.