Barua ya Baba Iliyotiwa Asali

Ninyi mliokulia nami Kasongo, enzi zile wino ulipopikwa jikoni kama mboga, mtanisaidia kukumbuka. Kila mtoto wa chuo cha Kurani aliijua kazi hiyo. Unakwangua masizi chini ya chungu, unachanganya na maji ya mchele ulioungua, unatia gundi ya mti, unakoroga mpaka mkono unauma. Kalamu ilikuwa tete lililochongwa kwa kisu, na ukimaliza kuandika unanyunyiza mchanga mkavu. Tulirudi nyumbani weusi mikono, midomo, hata ndani ya masikio. Vijana wa leo wana wino wa chupa na kalamu za chuma, na bado mwandiko wao ni kama kuku kapita na matope.

Mwalimu wetu Feruzi alikuwa na neno lake moja: "Wino bila gundi ni maji tu." Tulilisikia kila siku. Baba yangu pia alilisikia alipokuwa mdogo, ila hakulishika.

Mwaka niliong'oka meno ya mbele, Baba, ambaye alikuwa fundi wa kushona kanzu, alifuatana na msafara kwenda Ujiji kutafuta nyuzi na nguo. Alimwacha Mama na mimba. Mama akajifungua mtoto wa kike, na siku ya nne ikafika barua, imeletwa na mchukuzi aliyepitia Kabambare. Mtaa mzima ukajaa uani kwetu, maana siku hizo barua moja ilikuwa sawa na harusi. Mwalimu Feruzi akaifungua, wakatoka sisimizi. Akawapuliza, akasoma salamu zote, kisha akafika penyewe:

"Mutoto akizaliwa, mumuite Mbuzi. Na Nuru, musimuchinje mpaka nirudi."

Mama akasema, "Mwalimu, soma tena."

Akasoma tena. Akaigeuzia jua, akasoma mara ya tatu. "Mama Zaina," akamwita kwa jina langu, "mimi si muandishi. Nasoma kilichopo, na ndivyo iko."

Mama alilia siku mbili. Lakini siku ya saba ilikuwa inakaribia, lazima mtoto apewe jina, na neno la baba mtoto lilikuwa limetoka Ujiji kwa miguu, halirudishwi hivi hivi. Mwalimu alimtuliza kwamba pengine huko kuna mtu mkubwa wa jina hilo. Basi siku ya saba mdogo wangu akaitwa Mbuzi mbele ya mashahidi, na mbuzi wetu mmoja, kwa kuwa barua haikumkataza, akachinjwa kwa akika yake.

Ikabaki habari ya Nuru. Mtaani petu Nuru alikuwa mmoja tu, Bibi Nuru, mjane jirani aliyesuka mikeka, mwembamba kama ukindu wake. Naye alikuwepo barua iliposomwa, kwa masikio yake mwenyewe.

"Mimi nimemukosea nini huyu bwana?" akauliza. "Na akirudi, itakuwaje?"

Mama alimhurumia, akawa ananituma jioni kumpelekea wali na samaki. Bibi Nuru aliliangalia bakuli kwa muda mrefu. "Munaninenepesha," akasema. Kisha akala, akaramba vidole, akaniuliza kama kesho kutakuwa na mchuzi zaidi.

Miezi sita ikapita hivyo. Asubuhi moja tukasikia bunduki zikilia njia ya Kabambare, ishara kwamba msafara unarudi. Kabla moshi haujaisha, Bibi Nuru alikuwa amekunja mikeka yake na kuondoka kwenda kwa ndugu zake kijijini Wamaza, kwa miguu ile ile ambayo jana yake ilishindwa kufika mtoni.

Baba akaingia uani na mzigo bado kichwani. "Nuru wangu iko wapi?"

"Amekimbia," Mama akasema.

Baba akatua mzigo. "Amekimbia? Mutoto wa miezi sita?"

"Mutoto iko hapa. Huyu ndiye Mbuzi."

"Na mbuzi?"

"Tulimukula."

Baba akakaa chini. Ilibidi Mwalimu Feruzi aitwe na barua iletwe. Hapo ndipo tulipoelewa. Kwa herufi zetu za Kiarabu, ambamo ile m ya mbele haiandikwi, mbuzi na Nuru wana mwili mmoja, wanatofautiana kwa nukta tu. Baba aliandika mtoto aitwe Nuru, na mbuzi wa akika angoje mpaka arudi. Lakini gundi ilimwishia njiani, akatia asali kwenye wino. Sisimizi wakalamba nukta zake, na nzi wakaja kuweka za kwao mahali walipopenda.

Wiki nzima Mwalimu alituandikisha kwenye mbao zetu: asali ni ya mkate, nukta ikandamize, barua umpe mtu aisome kabla hujaikunja. Mpaka leo nafuata yote matatu.

Baba akataka kumwandikia Bibi Nuru barua ya kumwomba radhi. "Hapana!" Mama akapiga kelele. "Utakwenda na kinywa chako."

Tukaenda naye Wamaza, mtoto mgongoni kwangu. Bibi Nuru alichungulia nyuma ya mlango. "Umekuja na kisu?"

Baba akafungua mikono. "Niko na sindano tu, Bibi." Alikaa pale siku tatu akimshonea nguo mpya, na ilipokamilika Bibi Nuru akaivaa, akarudi nasi Kasongo akitembea mbele. Mdogo wangu hakuitika kwa jina Nuru mpaka alipoanza kukimbia.

Siku hizi mwanangu ananiandikia kutoka Kabambare karibu kila mwezi. Karatasi safi, kila herufi mahali pake: yeye muzima, watoto wazima, mvua inanyesha. Naimaliza kabla wali haujachemka. Halafu nabaki nimeishika, nautazama ua mtupu, maana barua iliyo wazi namna hiyo haihitaji jirani aje kuisikiliza.