Kijiji cha Wakulima Watupu

Nilitoka pwani kwa treni hadi Tabora, nikaendesha baiskeli mpaka kijiji cha ujamaa upande wa Sikonge, nikitaka kuhamia moja kwa moja.

"Hapa sote wakulima, ndugu," mwenyekiti alinipokea.

Nikalima. Lakini jirani yangu alifua majembe, mwingine alishona nguo. Wakati wa kuvuna mahindi ya kijiji, wanaume wote walijiandaa kwenda porini kurina asali, mwenyekiti akiwa mbele.

"Nichukueni," nilimwomba mfua majembe.

"Una mzinga?"

"Sina. Mimi mkulima."

"Basi vuna, mtani!" akacheka.

Nilivuna na akina mama. Mmoja akaniuliza, "Kaka, kulima tunalima sote; hasa wewe kazi yako nini?"

Nilimaliza mstari wangu wa mahindi. Kesho yake niliondoka, sikurudi tena.