Kizingiti cha Trudel Kessler

Chini ya kaunta ya baa yake, Trudel Kessler aliweka mpini wa shoka. Haukuwa pambo. Kijiji kizima cha Hirzbach kilijua kwamba ulikwisha kupasua nyusi za Wajerumani na kung'oa meno ya Wamarekani, na kwamba mwenye nao habagui. Kabla haujawa wake ulikuwa wa baba yake, na Trudel ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuonja utamu wake: ulimvunja kifundo cha mkono wa kushoto akiwa bado mtoto wa shule, kwa kosa la kumwaga maziwa.

Baba yake alikuwa amerudi kutoka kifungo cha vita na mdomo uliofungwa. Alipiga bila kusema neno, kisha akalia. Alipiga magoti jikoni, akashika sketi ya mkewe, akaapa kwa Mungu na kwa marehemu mama yake kwamba hatarudia. Mke alisamehe. Jumapili wote walikwenda kanisani wamevaa nguo za mikono mirefu, na wiki haikuisha kabla mpini haujatoka tena. Ndiyo malezi aliyoyapata Trudel. Siku mzee alipozikwa hakudondosha chozi. Aliurithi mpini pamoja na baa, akauweka chini ya kaunta, akatangaza kanuni moja tu: atakayempiga mwenzake ndani ya baa hii, hatavuka tena kizingiti hiki mpaka afe. Hakuna kulipa faini, hakuna kuomba radhi, hakuna kuja na maua.

Wa kwanza kukatwa na kanuni hiyo alikuwa Egon Brill, dalali wa ng'ombe, mtu wa shingo nene na sauti ya mnadani. Alimzaba mkewe kofi mbele ya watu kwa sababu supu ilikuwa ya baridi. Mpini ulimshukia begani kabla hajafunga mdomo.

"Unanifukuza mimi?" Egon alifoka akiwa amejishika bega. "Babu yangu ndiye aliyeichonga meza hii!"

"Basi jitwike meza uende nayo. Lakini wewe hapa huingii tena."

Egon alitoka. Meza ilibaki.

Kule mlimani juu ya kijiji waliishi wanajeshi wa Kimarekani na vifaru vyao. Vikifyatua mizinga ya mazoezi, glasi zilitetemeka rafuni, na jioni wapigaji mizinga wenyewe wakashuka kunywa. Kwa hiyo Trudel aliyajua mataifa mawili kwa ngumi zao. Mjerumani, alisema, hakupigi mpaka kwanza akueleze kwa nini ana haki ya kukupiga. Anataja mpaka wa shamba, anamtaja shahidi, ndipo anakurarua. Mkimaliza, wote mnavuja damu, anaanza kubishana nani atalipa kiti kilichovunjika. Mmarekani anaingia anacheka, anakuita rafiki yake kipenzi hata jina lako hajalijua, na ngumi yake inafika huku meno bado yako nje. Kesho yake anakuja na keki. Trudel aliogopa keki kuliko ngumi, na sababu yake tunaijua.

Sajenti Wendell Tackett alitoka milima ya Kentucky. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa na adabu nyingi kupita kiasi. Siku ya pili tu ya kunywa pale alimwita Trudel "Mama".

"Mimi si mama yako. Mimi ni Bibi Kessler."

"Sawa, Mama."

Walevi wa meza ya wenyeji walicheka hadi wakamwaga bia. Marlis, binti wa Trudel, alicheka pia, na kicheko chake ndicho kilichomfunga Wendell katika kijiji kile. Alikuja kila jioni kumtazama akifuta glasi.

"Nyinyi watu," Wendell alimtania Trudel, "mnasimama kwenye taa nyekundu hata kama hakuna gari kutoka hapa mpaka mbinguni!"

"Na nyinyi mnamwuliza mtu hali, kisha mnaondoka kabla hajajibu. Nani mwendawazimu?"

Aliyekuwa hacheki ni Volker, kaka yake Marlis. Kifaru kilikuwa kimesaga shamba lao la viazi, na ofisa aliyekuja kuomba msamaha alitabasamu mwanzo mpaka mwisho. Volker hakulisahau tabasamu lile. Kwenye gulio la kanisa, msimu wa majani kupukutika, yeye na Wendell walipigana barabarani mpaka mmoja akapasuka mdomo na mwingine akavunjika mbavu. Watu walipowatenganisha, Volker alijishika mbavu akasema, "Siku utakapomwoa dada yangu nitakuja mbele ya macho yako nimbebe begani nimrudishe kwetu. Ujaribu kunizuia!"

Wendell aliyashika maneno hayo, kwa kuwa kwao mlimani mtu akitishia kuchukua mwanamke wa nyumba fulani, nyumba hiyo hailali.

Lakini moyo wa Volker ulikuwa na mlango ambao hakuna aliyeujua. Wiki ya harusi ya Marlis na Wendell alimfuata mama yake jikoni, akasimama akichezea kisu cha viazi.

"Mama, nataka niwe mwizi."

Trudel aliacha kumenya. Hirzbach, siku ya harusi, bibi harusi huibwa katikati ya karamu. Hupelekwa baa ya jirani akipiga mayowe, na bwana harusi hutoka kumtafuta akilipia vinywaji njia nzima. Na mwizi hawi mtu yeyote tu; huwa rafiki wa bwana harusi. Kumwibia mtu mke wake ni kumwambia umekuwa wetu.

"Umeamua?"

"Nimechoka kumchukia, Mama. Ni kazi kubwa. Na mbavu bado zinaniuma."

Trudel aliinamisha uso kwenye sufuria ili mwanawe asimwone macho. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu azaliwe. Marlis alipouliza kama Wendell aelezwe mapema, mama yake alimkemea. "Ukimwambia, utamu unakwisha. Kila mtu anajua." Kwake yeye, kila mtu ilikuwa ni watu wa Hirzbach. Ilikuwa kosa la kipuuzi, na lilifanywa na mwanamke mwenye akili.

Karamu ilikuwa hapo hapo kwenye baa, mchana wa jua. Tumbo la nguruwe lililojazwa viazi lilikuwa mezani, Wamarekani wamevua makoti, mpiga kodiani ametoka jasho. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini nani hukumbuka hayo akiwa anacheza? Volker aliingia kwa mlango wa jikoni, akamnyanyua dada yake na gauni lake jeupe, akamtupa begani. Marlis alipiga mayowe vizuri sana, kama desturi inavyotaka. Alirusha mateke. Kiatu kimoja kiliangukia kwenye bakuli la kachumbari ya kabichi. Wanakijiji walipiga meza kwa ngumi na kushangilia, "Mchukue! Mchukue!"

Wendell alisimama. Trudel alimwona akisimama, akaona bilauri nzito ya bia mkononi mwake, akafikiri, ah, ameelewa, anaigiza. Akapiga makofi. Alikuwa anacheka kwa sauti bilauri ilipotua usoni mwa Volker.

Ilivunjika pigo la kwanza. Pigo la pili lilikuwa la kishikio cha bilauri kilichobaki na kipande cha kioo. Volker alidondoka, Marlis akaanguka juu yake, na mayowe yale yale yaliendelea, ila sasa yalikuwa ya kweli, na kwa muda hakuna aliyeitambua tofauti. Wendell alimvuta mkewe nyuma yake, akampiga Volker teke la tumbo, akamkalia kifuani, akapiga na kupiga, huku akilia, "Usimguse mke wangu! Usimguse!" Wamarekani walidhani wamevamiwa, wakarusha viti. Wanakijiji wakawarukia. Kodiani ilikanyagwa ikatoa mlio mmoja mrefu. Trudel alipita katikati yao na mpini wake, akimwangusha huyu na yule bila kutazama sare, mpaka alipomfikia mkwewe na kumpiga kisogoni. Wendell alilala. Chini yake Volker alikuwa amefunika uso kwa viganja, na katikati ya vidole ilitoka damu pamoja na kitu kingine.

Madaktari hawakuweza kuliokoa jicho.

Jeshi lilimfunga Wendell, likamvua cheo. Volker, akiwa kitandani na bandeji, alikataa kumshtaki. "Hakuna aliyemwambia," alisema, basi. Alipoachiwa, kabla hajarudishwa kwao, Wendell alikuja baani. Alikuwa na keki. Aliingia mbele ya watu wote wa meza ya wenyeji, akapiga magoti sakafuni, akashika aproni ya Trudel, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, Mama. Naapa kwa Mungu. Sikujua. Sitarudia tena maisha yangu yote."

Mtu mwingine yeyote angelainika. Trudel aliona sakafu ya jikoni ya utoto wake, akaona sketi ya mama yake ikishikwa, kifundo cha mkono kikaanza kumuuma.

"Inuka. Machozi ya wenye mikono mizito nimeyaona kabla hujazaliwa. Umepiga mtu ndani ya baa yangu. Toka, na usivuke tena kizingiti hiki mpaka ufe."

"Mama, ni mume wangu!" Marlis alipiga kelele.

"Egon naye alikuwa mume wa mtu."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Marlis alimfuata mumewe Kentucky, na chumba chake kilibaki na kitanda kilichotandikwa.

Miaka ilipita. Marlis alirudi kila kiangazi na watoto, na Wendell pamoja nao, sasa fundi seremala mwenye mvi masikioni. Hakuvuka kizingiti hata mara moja. Nje, chini ya dirisha, palikuwa na benchi. Trudel alithibitisha kwamba ni mali ya halmashauri ya kijiji, si ya baa, hivyo mkwewe angeweza kukaa hapo kisheria. Wendell alikaa jua na mvua. Volker ndiye aliyempelekea bia. Wawili hao walikaa bega kwa bega wakizungumza habari za mbao, wana macho matatu kati yao, kama Volker alivyopenda kusema. Volker alikuwa amesamehe zamani. Kila mwaka alimwambia mama yake, "Mama, inatosha sasa." Kila mwaka alijibiwa, "Kanuni ni kanuni." Usiku Trudel alilia peke yake, kwa sababu wajukuu walikuwa wameanza kuuliza baba yao ana ugonjwa gani wa kukaa nje.

Tangu harusi, Wendell hakuiamini tena akili yake katika nchi ile. Siku moja alikuta watu wakivunja sahani kwenye mlango wa jirani, mkesha wa ndoa. Alisimama kama mti, akapaza sauti kupitia dirishani, "Mama! Hii ni desturi au ni kweli?"

"Desturi!"

"Sawa, Mama." Akaketi. Volker alicheka mpaka akashika mbavu zile zile.

Kiangazi ambacho Wamarekani walikuwa wakifungasha kuondoka mlimani, siku moja ya joto, Marlis alikuwa makaburini na watoto, Volker yuko chini ghalani akibadilisha pipa. Trudel alikuwa peke yake kwenye kaunta. Egon Brill aliingia. Alikuwa mzee, amelewa kwingine, lakini shingo ilikuwa ile ile. Alivuka kizingiti bila hata kukitazama.

"Miaka imetosha, Trudel. Nipe bia."

"Toka."

"Nimesema nipe bia, malaya we!"

Trudel aliinama kuchukua mpini. Mkono wa kushoto haukuwahi kupona sawasawa. Egon alimshika hapo hapo, akaupindua, akaunyakua mpini. Pigo la kwanza lilimpasua Trudel mdomo. Alianguka kati ya kaunta na meza. La pili lilimpata mbavuni, akasikia kitu kinalia ndani yake kama kuni kavu.

Kivuli kilitanda mlangoni. Wendell alikuwa ameshika miimo miwili ya mlango kwa mikono yote miwili, mwili umeinamia ndani, uso mweupe. Akiwa chini pale, Trudel aliviona viatu vyake. Ncha zimefika kwenye kizingiti, wala hazikivuki.

"Mama!" aliita, sauti ikimkatika. "Mama, hii ni desturi au ni kweli?"

Mpini uliinuka tena. Trudel alivitazama viatu vile na akaona aibu kuliko maumivu. Alikuwa amemfundisha mtu mzima kusimama na kutazama.

"Ni kweli!" alipiga kelele huku akitema damu. "Ingia! Ingia!"

Wendell aliingia. Pigo lililokuwa la Trudel alilipokea kwenye mkono wake mwenyewe, na mlio wa mfupa ulisikika mpaka ghalani. Kwa mkono uliobaki alimkamata Egon ukosi, akamkandika uso kwenye meza ile aliyoichonga babu yake, mara moja, na tena, mpaka pua ikabaki jina, kisha akamburuta na kumtupa barabarani. Halafu akasimama akihema. Alitazama ngumi yake. Akatazama sakafu aliyokuwa amesimama juu yake. Alitoka taratibu, akarudi kwenye benchi la halmashauri, mkono uliovunjika umelala mapajani.

Volker alipanda ngazi mbio. "Mama! Nani?"

"Egon. Wendell ameniokoa."

"Yuko wapi?"

"Nje. Amepiga mtu ndani ya baa."

Volker alimtazama mama yake kwa lile jicho moja, na safari hii hakumwambia kwamba inatosha. Trudel alitema jino kwenye aproni, akashika ukingo wa kaunta, akasimama. Alikwenda mlangoni amejipinda upande mmoja, akakigeuza kibao cha dirishani. Kisha akatoka nje, na funguo mkononi.

"Baa imefungwa," alimwambia Wendell.

"Najua, Mama. Kanuni ni…"

"Nyamaza nimalize. Baa ikifungwa si baa tena, ni nyumba yangu. Ile kanuni ni ya baa." Aliusukuma mlango ukawa wazi. "Ingia ndani ukae mezani, mwanangu."

Wendell alimtazama Volker kwanza.

"Ni kweli hii," Volker alimwambia. "Si desturi."

Wendell alifuta viatu vyake kwenye mkeka, kimoja kimoja kama Mjerumani, akaingia.