Dada Yako Aliishia Hapa

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Iringa mjini, akishonea kwenye baraza la duka la nguo. Wateja walipomuuliza kwa nini hanipeleki shule, alijibu kwamba mimi ni mgonjwamgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Aliyeugua ni dada yangu.

Dada alisoma bweni, kwa masista, kwenye shule ya misheni njia ya kwenda Mbeya. Miaka ile ya hamsini, shule ya kumpokea msichana ilikuwa bado haijafunguliwa karibu. Wenzake baba msikitini walimsema sana. Yeye hakujali. Dada alipokuja likizo, wawili hao walikaa mkekani na mtoto ndiye aliyekuwa mwalimu. Baba alijua kusoma kwa herufi za Kiarabu tu, kama alivyofundishwa na babu huko pwani. Hizi za Kizungu alifundishwa na binti yake. Akikosea, dada alicheka mpaka akajishika mbavu, na baba akacheka naye.

Kipupwe kimoja dada alishikwa na kichomi hukohuko shuleni. Habari tuliletewa na dereva wa lori. Baba alipanda lori hilohilo lilipogeuza, lakini alipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Masista walimwambia walimngoja mpaka wakashindwa, nao walikuwa wakilia. Hakugombana na mtu. Alirudi na sanduku la nguo za dada, akasimama mlangoni.

"Nimemsomea dua," alimwambia mama. "Sikuweza jingine."

"Nani kamwosha mwanangu?" mama akauliza.

Baba hakujua. Mama aliendelea kuuliza hivyo kwa miaka, wakati mwingine katikati ya kuchambua mchele, bila kumtazama mtu.

Umri wangu wa shule ulipofika, baba alisema, "Huyu atasomea hapahapa, nikimwona."

Jioni, akishafunika cherehani, alitundika kipande cha kaniki nyeusi ukutani na kuandika kwa chaki yake ya kukatia nguo. Alinifundisha vilevile alivyofundishwa. Hata wimbo wa kuhesabu ulikuwa wa dada. Sauti nzito ya baba ilihangaika kupanda pale dada alipokuwa akiipandisha yake. Wimbo ukianza, mama alitoka akaenda uani.

Nilishika upesi, nikapenda mno. Siku moja nilimaliza hesabu zote za kugawanya, nikamwambia, "Baba, endelea."

Alirudisha chaki mfukoni.

"Hakuna kinachofuata," alisema. "Dada yako aliishia hapa. Alisema likizo ijayo tutagawanya namba kubwa."

Mama alikuwa amesikia. Asubuhi alinivalisha gauni safi, akamwambia baba, "Mpeleke shule hii mpya ya mjini. Ni ya kutwa, atarudi kula hapahapa."

Tulikwenda. Mwalimu, mama mmoja wa Kihehe, alitupokea mlangoni kwa salamu ya kwao. "Kamwene, mzee." Akanipa kitabu nisome, nikasoma ukurasa mzima.

"Kafundishwa na nani?"

"Na dada yake," baba akajibu.

"Basi huyo dada kafanya kazi nzuri. Niachie mtoto, mzee. Saa nane uje umchukue."

Akaninyooshea mkono, nikampa wangu mmoja. Mkono wangu mwingine ulikuwa ndani ya mkono wa baba, na baba hakuuachia.

"Saa nane tu, mzee."

"Najua, mwalimu. Najua."

Alisimama pale mpaka watoto darasani wakaanza kuchungulia. Kisha akageuka, tukaondoka. Karibu na sokoni alikaa kwenye jiwe akalia kwa sauti, watu wakipita na vikapu vyao. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku aliporudi na lile sanduku.

"Sitaki shule, baba," nilimwambia. Nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Siwezi."

Hatukujaribu tena. Alinifundisha kushona, na baadaye nikaolewa Mbeya. Siku hizi wajukuu husema babu yao mkuu alikuwa mtu wa zamani, hakupenda wasichana wasome. Huwa nataka kuwaeleza jinsi mkono wa baba ulivyokuwa umelowa jasho pale mlangoni pa shule, asubuhi ya baridi namna ile. Nikianza, wao huinuka wakaendelea na mambo yao.