Kengele Iliyolia Mara Mbili

Chuoni walimwita Dakika Tano, na hakuwa na wa kumlaumu ila mdomo wake mwenyewe. Umpelekee kompyuta iliyogoma, umuulize itakuwa tayari lini, atakujibu "Dakika tano tu" bila hata kuinua macho. Ungeenda ukanywa chai ukarudi, ukaenda ukala mchana ukarudi, yeye bado kainamia meza ya maabara, bisibisi mdomoni, mchangamfu kama kawaida. Lakini kazi yake ilitoka safi, basi watu wakamsamehe.

Fundi huyu wa maabara ya kompyuta alikuwa ametunga lugha ndogo ya kufundishia wanachuo wa mwaka wa kwanza. Amri zake zilikuwa za Kiswahili: andika, rudia, kama. Kazi ya kuzisoma mstari mmoja mmoja na kuiambia mashine la kufanya aliiachia programu aliyoiita mkalimani. Wanachuo waliipenda, ila walinung'unika kwamba lugha yenyewe haijui kusubiri wala haijui saa. Ukiiambia iandike majina kumi, inayamwaga yote kwa mpigo kama mtu anayekimbizwa.

Ndipo akaanza kutunga amri mbili: lala, ya kuifanya programu ingoje, na saa, ya kuuliza wakati. Alizitungia nyumbani, kwenye meza ya sebuleni, mama yake akimchungulia kutoka kwenye kochi.

"Leo unafanya nini tena?"

"Naifundisha kompyuta kulala, mama."

"Nimekusomesha miaka yote ile ukafundishe mashine kulala? Kaka yako mbona anajua, na hakuna aliyemfundisha?"

Amri ya saa nayo ikazua ubishi. Mama alivaa miwani, akasoma kwenye kioo: 15. "Saa kumi na tano! Kwani siku imeongezwa urefu?" Alimbana binti yake mpaka mkalimani akafundishwa kutoa sita na kusema "saa tisa mchana", kama watu.

Habari zikamfikia mkuu wa chuo, mwanamume mrefu wa suti za kijivu ambaye akikohoa tu, korido nzima inanyooka. Mpiga kengele alikuwa amestaafu.

"Fundi, hiyo lugha yako inaweza kupiga kengele?"

"Dakika tano tu, mkuu."

Zikawa wiki mbili. Alivuta waya kutoka kompyuta ya ofisi ya katibu hadi kengele ya umeme iliyokuwa ukutani uani, akaandika programu fupi: piga kengele, lala 2400, piga tena. Alikuwa ameijaribu nyumbani ikaenda vizuri. Jumatatu asubuhi katibu akaiwasha, naye fundi yuko nyumbani bado anatafuta kiatu cha pili.

Simu ikalia. "Dada, kengele yako imepata wazimu!" Nyuma ya sauti ya katibu ilisikika ngriii, kimya kidogo, ngriii.

"Izime!"

"Niizime mimi? Niambiwe nimeiharibu?"

"Basi nakuja. Dakika tano."

Alifika baada ya ishirini. Akakuta wanachuo wanatii kengele kwa nidhamu ya ajabu: ikilia, wanasimama na kufunga madaftari, ikilia tena, wanakaa na kuyafungua. Mwalimu wa kuchomelea vyuma alikuwa amesema "Habari za asubuhi" katika vipindi vitatu tofauti na hajaimaliza. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alikuwa amepiga hesabu ubaoni: vipindi vinane kwa siku, siku tano, wiki kumi na mbili. Kwa kengele hii muhula mzima ni dakika kumi na tisa na sekunde kumi na mbili.

"Dada fundi," alisema kwa adabu zote, "muhula umekwisha. Tunaomba ruhusa ya kwenda likizo."

Fundi alizima mashine, akacheka mpaka akashika ukuta. Akili ilipomtulia akaona kosa. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya aina moja, ya ofisini ya aina nyingine. Ile ya nyumbani ukiiambia ilale 2400, inahesabu sekunde, yaani dakika arobaini kamili. Hii ikipewa namba ileile inahesabu vipande vidogo, elfu moja katika kila sekunde. Akamfundisha mkalimani kuuliza kwanza yuko kwenye mashine ya aina gani: akiwa kwenye ile, aiache namba ilivyo, akiwa kwenye hii, aizidishe kwa elfu. Mwandishi wa programu hatakiwi kujua lolote; akisema lala, wakati uwe uleule popote. Na kwa kuwa katibu huchelewa kuwasha mashine siku nyingine, akaibadilisha programu ya kengele iwe inatazama saa ya kompyuta.

Mambo yakatulia mwezi mzima. Kisha mlinzi wa getini akamsimamisha.

"Fundi, kengele yako inanitania. Ile ya mwisho inalia mara mbili kila siku. Ya kwanza watu wanaondoka. Ya pili naisikia peke yangu."

Fundi hakulala vizuri siku hiyo. Kengele ya mwisho haiwezi kulia mara mbili saa tisa na nusu, isipokuwa saa tisa na nusu yenyewe imekuja mara mbili. Ndani ya kompyuta kuna hesabu nyingine, ya sekunde zilizopita tangu mashine iwashwe. Hiyo haina mahali pa kuisogezea. Inakwenda mbele tu. Akaandika programu ndogo ya kuweka saa na hesabu hiyo bega kwa bega. Jioni akasoma: saa tisa na robo, saa ya kompyuta inaruka mbele dakika kumi na tano. Kengele inalia. Baada ya dakika mbili, saa inarudishwa nyuma, kisha inafika tena pale pale na kengele inalia tena. Walimu na wanachuo wote walikuwa na simu zenye saa, na wote walikuwa wameamua kuamini kengele.

Kesho yake alijibanza koridoni na sanduku la waya. Saa tisa na robo katibu akatoka kupeleka barua mapokezi. Mlango wa mkuu ukafunguka, suti ya kijivu ikapenya ofisini kwa katibu kwa kunyata. Ndani kikasikika kikohozi kidogo, cha kujizuia.

Fundi akarudi maabara na sanduku lake. Usiku ule aliibadilisha programu: itazame saa mara moja tu asubuhi, halafu siku nzima ifuate ile hesabu isiyosogezwa.

Siku iliyofuata mkuu alitoka na mkoba wake, akasimama uani chini ya kengele. Kimya. Akaitazama. Akakohoa. Madirisha ya madarasa yote yakajaa vichwa. Hatimaye akamtuma katibu amwite fundi.

"Kengele imekufa," alisema mkuu.

"Iko hai, mkuu. Bado dakika kumi na tatu."

"Kompyuta inasema muda umefika."

"Kompyuta ina saa mbili ndani. Moja mtu anaweza kuisogeza. Nyingine haisogezeki, na kengele sasa inaifuata hiyo."

Mkuu alihamisha mkoba mkono wa pili. "Na huyo anayesogeza, programu inamjua?"

"Haijamuuliza, mkuu."

Mkuu akashusha sauti. "Mjukuu wangu yuko chekechea. Wanafunga saa tisa na nusu, ni mwendo wa robo saa, nami siwezi kuonekana natoka kabla ya kengele. Yule mwalimu wao... fundi, yule mwanamke ananigombeza mbele ya watoto. Juzi aliniambia nisimame pembeni."

Fundi aling'ata midomo kwa nguvu zote asicheke, na hakufanikiwa. Mkuu naye akajikuta anacheka, mara ya kwanza watu kumwona meno.

"Wahi, mkuu," alisema. "Kengele nitaisikiliza mimi."

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ubaoni, lenye mhuri na sahihi: kwa sababu za kiufundi, masomo yatakwisha saa tisa na robo. Wanachuo walilisoma wakapiga makofi. Mwalimu wa kuchomelea vyuma aliuliza ni sababu gani hizo za kiufundi, na katibu akamwelekeza kwa fundi. Fundi alimweleza habari za mashine za aina mbili, sekunde na vipande vyake, mpaka mwalimu akaomba apishwe, ana kipindi.