Bosi ndiye alikuwa anageuza browser ya ofisi, mimi nikaitwa mfungua picha chafu

Heshima kwenu wakuu. Hili jambo ni la zamani lakini bado linanichoma. Naandika lilivyotokea, chumvi siongezi.

Enzi zile intaneti ndo inaingia Bongo, nilikuwa karani kwenye duka la jumla la vipuri Kariakoo, upande wa Msimbazi. Kompyuta moja tu, modemu inakoroma weee ndo upate mtandao. Mwenye duka alikuwa Mzee Massawe, tulimwita Mangi. Mchapakazi, ila mbishi.

Asubuhi moja nafungua browser, nakuta nyeusi tii, maandishi ya njano makubwa kama ya bango. Email moja inajaza skrini nzima.

Nikafunga, nikafungua. Nikazima, nikawasha. Wapi.

Akaitwa fundi, akachokonoa settings mpaka ikarudi kawaida. Kesho yake nyeusi tena.

Safari ya tatu fundi akatamka mbele ya wafanyakazi wote, "Hiki ni kirusi. Kinatoka kwenye tovuti za picha chafu. Kuna mtu anazifungua."

Sasa anayeshinda kwenye kompyuta ni nani? Mimi. Wote wakanigeukia.

Mangi akatikisa kichwa. "Happy, jiheshimu."

Jioni hiyo hata wapakuaji mizigo walikuwa wananicheka. Shangazi yangu, mwenye genge la mboga mtaa wa pili, akaniuliza kama ni kweli.

Siku moja nikawahi kurudi kutoka kula. Nikamkuta Mangi peke yake, pua inakaribia kugusa skrini, anasoma email. Skrini nyeusi, maandishi ya njano.

Kumbe kuna vitufe ukivibonyeza pamoja kompyuta inageuka hivyo, kwa ajili ya wasioona vizuri. Rafiki yake alimfundisha. Akimaliza kusoma, anasahau kurudisha.

Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Kwa hiyo kirusi ni wewe?"

Salamu hakuitikia. Akasema taratibu, "Macho yangu yamekwisha, mwanangu. Kariakoo hii wakijua sioni, wataniibia mchana kweupe. Funika kombe."

"Na mimi wakijua nafungua uchafu, nani ataniajiri? Nani ataniposa? Ulinisema mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu. La sivyo naondoka leo."

Nikachukua mkoba. Ndipo akatoka, akawaita wote.

"Ile kompyuta nilikuwa naigeuza mimi. Sioni vizuri. Happy hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyeniomba radhi, yeye mwenyewe akiwemo. Wiki hiyohiyo akaenda kupima macho.

Kinachoniuma wakuu, aibu yangu ilizunguka mtaa mzima, kusafishwa kwangu kukaishia mlangoni mwa duka. Yule fundi kila tukikutana alikuwa ananitazama kwa kejeli.

Funzo: kompyuta ikibadilika, muulize kila anayeigusa, kuanzia bosi. Na nyie mafundi, msipojua tatizo semeni hamjui. Jina la mtu halina kitufe cha kulirudisha.

Mimi nilibaki pale kazini, nilikuwa na shida. Ingekuwa wewe ungebaki? Semeni ukweli, msinipake mafuta.