Vyuma vya Fundi Issa

Mvua ya kwanza inapogusa chuma chenye kutu hutoka harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa mtu asiyekulia karibu nayo. Ni harufu ya udongo na damu kwa pamoja, na mafuta machafu ya injini kwa mbali. Wenzangu karakanani hukimbilia kuingiza vifaa ndani. Mimi husimama mlangoni nikivuta pumzi, na siku hizi wameshanizoea. Hawajui kwamba kwangu hiyo ni harufu ya uwani kwetu Mtawanya, mwaka ule nilipokuwa darasa la nne na baba akawa hawezi tena kusema.

Baba alikuwa fundi. Kutoka Rahaleo mjini hadi Mahurunga kule mtoni ukisema Fundi Issa, hukuulizwa Issa yupi. Alitengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, pampu za kumwagilia za wakulima wa kandokando ya mto Ruvuma, na mashine za kusaga muhogo. Msimu wa kupulizia hatukumwona nyumbani. Alikuwa na pikipiki yake huko vijijini, na kila aliporudi alikuja na gunia la vitu vilivyokufa: pistoni zilizokwaruzika, rejeta zilizotoboka, mota zilizoungua. Akishamfungia mteja kifaa kipya, kile kibovu alikiomba yeye.

"Baba Zuhura, haya makopo yako ndiyo tutakayokula?" mama alikuwa akimuuliza.

Baba alicheka tu na kuyamwaga nyuma ya banda lake la kazi. Kwa miaka mingi lundo lile lilikua hadi kuku wa jirani wakawa wanataga ndani yake, na sisi ndio tuliofaidi mayai.

Halafu asubuhi moja kikombe cha chai kilimdondoka mkononi, na kabla hatujakiokota naye alikuwa chini. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali alitembea kwa fimbo, mkono wa kulia ukining'inia, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimwamkia, bado. Alilisema kwa hasira, kwa kuomba, na mara nyingine kwa mzaha, nasi ikabidi tujifunze kulisikiliza kama watu wanaotafuta taarifa ya habari kwenye redio yenye mikwaruzo. Waliokuja kumjulia hali walizungumza juu ya kichwa chake. "Masikini, Fundi Issa ndiyo basi tena," walisema, naye amekaa palepale, anasikia kila neno. Mimi nilikuwa nayaangalia macho yake. Hayakuwa macho ya mtu ambaye ndiyo basi tena.

Mama hakuwa na muda wa kulia. Kulikuwa na mwalimu mmoja Rahaleo aliyepata uhamisho, anauza friza lake, na alikubali kumsubiri mama mpaka mwisho wa mwezi. Mama alipanga kuuza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule. "Tukilipata hilo friza tutaishi," aliniambia huku akinisuka, "tusipolipata, Zuhura, itabidi uende ukakae na mama mdogo Mahurunga." Nilimpenda mama mdogo, lakini usiku ule wote nilijiona nimeshakuwa yatima. Na kitu pekee cha kuuza nyumbani kwetu kilikuwa lile lundo.

Ndiyo akaja Shabani na guta lake la magurudumu matatu la kubebea mizigo. Alikuwa kijana mcheshi, anapita mitaani akigonga kipande cha bomba na kuita, "Vyuma chakavuuu!" Miaka hiyo mji ulikuwa umejaa wageni wa mambo ya gesi na kila mtu alikuwa anauza kitu. Alilizunguka lundo letu, akalipiga teke kidogo, akasonya.

"Mama, hapa ni chuma tupu. Nachukua yote kwa bei ya chuma, napakia leo hii, na uwanja nakufagilia."

Mama aliutazama ule uwanja kama mtu anayeona tayari friza limesimama pale. "Haya, mwanangu, pima."

"Bado!"

Tuligeuka sote. Baba alikuwa amesimama kibarazani, fimbo ameielekeza kwenye mzani ambao Shabani alikuwa ameshautundika kwenye boriti ya banda. Kisha akaielekeza kwangu. Halafu kwenye ndoano ya mzani. "Bado, bado, bado."

Mama alidhani amechanganyikiwa. Lakini mimi wiki iliyotangulia nilikuwa zahanati na malaria, nikapimwa uzito, na ni baba aliyekuwa amekaa kwenye benchi kunisubiri. Kilo ishirini na saba. Nikaelewa. Nilikimbia, nikaikamata ndoano kwa mikono miwili, nikakunja miguu na kuning'inia kama popo.

"Unasoma ngapi?" nikauliza.

Shabani alijikuna. "Ishirini na mbili."

"Zahanati nilikuwa ishirini na saba!"

"Labda hujala leo, mdogo wangu."

"Nimekula muhogo na nazi!"

Mama alimtazama Shabani kwa upole wa kutisha. "Mwanangu, huu mzani wako umefunga Ramadhani?"

Kisha mama akacheka, kicheko cha kwanza tangu kile kikombe kianguke, na baba naye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Shabani, nimpe haki yake, alicheka pia kwa aibu. "Mzani wa tajiri huu, mama. Mimi napewa tu." Akautundua, akasema mchana mwema, akaondoka na guta tupu.

Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta baba ameketi juu ya tairi mbele ya lundo, na kando yake redio yetu mbovu. Aliigonga spika yake kwa fimbo mpaka nikafahamu kwamba anataka niifumue. Nyuma ya spika palikuwa na duara zito jeusi, na nilipolisogeza karibu na bisibisi liliruka na kuing'ang'ania. Sumaku. Baba alinipa pistoni. Nikaigusisha sumaku, ikateleza kama haijaiona. Akanipa nati, ikakamata. Akanyoosha kidole huku, na kidole kule. Yanayokamata huku, yasiyokamata kule. Hilo lilikuwa somo la kwanza.

Somo la pili lilikuwa tupa. Vitu visivyokamata sumaku vyote vilikuwa na rangi moja ya uchafu, lakini ukivikwangua kwa tupa mara mbili tu vinasema ukweli: alminiamu huwa nyeupe kama meno ya mtoto, shaba ya njano hung'aa kama kipini cha bibi harusi, na shaba nyekundu, ile ambayo kilo yake moja ilinunuliwa kwa bei ya kilo nyingi za chuma, ilikuwa na rangi ambayo mpaka leo ikinitokea chini ya tupa moyo hunidunda. Somo la tatu lilikuwa la masikio. Baba aligonga kwa fimbo na kunitazama, nami nikafumba macho na kutaja. Shaba ya njano ililia muda mrefu kama kengele ya shule. Chuma cha kumimina kilitoa mlio mfupi, kisha kimya. Nilipokosea alisema "bado" polepole, akagonga tena. Nilipopatia hakusema kitu. Alishusha kichwa tu, na mimi ningeweza kushinda siku nzima bila kula kwa ajili ya kile kichwa kushuka.

Ndipo nilipojua kile ambacho Shabani alitaka kukibeba kwa bei ya chuma. Mota zilizoungua, ukizifungua, ndani ya tumbo lake zina nyaya za shaba zilizojipanga kama nywele zilizosukwa. Rejeta zilikuwa na mbavu za chuma pembeni; usipozitoa, mnunuzi anakulipa zote kama uchafu. Pistoni ilikuwa na pini ya chuma katikati, na baba alinifundisha kuigonga itoke huku yeye akiishikilia pistoni kwa mguu wake mzima. Kila kitu kilichochanganyika kilibidi kitenganishwe. Vidole vyangu vilipasuka, kucha zikawa nyeusi, na darasani mwenzangu mmoja alisema nanuka gereji. Nilimwambia ndiyo, nanuka gereji, na nikakaa vizuri zaidi kwenye dawati.

Jirani mmoja alitushauri tuzichome moto nyaya zenye plastiki ili tumalize haraka. Mwezi ulikuwa unakwisha na mama alikubali. Aliweka kuni, akamwaga mafuta ya taa. Baba akaja na fimbo yake akasimama katikati ya zile kuni, akakataa kutoka.

"Baba Zuhura, mwalimu hatanisubiri! Siku tano zimebaki!"

"Bado," alisema baba, kwa upole kabisa, akaokota waya mmoja uliowahi kuungua, mweusi, akaukunja. Ukakatika kama kijiti. Kisha akachukua mzima, akaukunja na kuukunjua mbele ya macho ya mama, mwekundu na laini. Mama aliangalia huu, akaangalia ule. Akaenda kuleta visu viwili vya jikoni. Kwa siku nne tulikaa watatu kwenye mkeka tukimenya nyaya kama watu wanaomenya mihogo, na mama akaanza kusimulia vichekesho vya ujana wao, na baba akawa anaingiza "bado" yake pale mama alipoongeza chumvi.

Siku ya mwisho mama alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa akaandikiwa barua kwamba mali ile ni ya nyumbani kwa Fundi Issa, maana ghala kubwa la mjini halikupokea shaba isiyojulikana ilikotoka. Tukamkodi nani? Shabani huyohuyo. Alikubali ujira wa kubeba, akampandisha baba juu ya magunia, na tukaingia mjini baba amekaa juu kama bwana harusi, kofia yake nyeupe kichwani, mimi na mama tukisukuma kwa nyuma kwenye mwinuko. Watu walisimama. "Fundi Issa huyo!" wakaita. Yeye akawa anainua fimbo.

Karani wa ghala alikuwa mtu mwenye haraka. Alifungua gunia la kwanza akitegemea kupekua uchafu, akasimama. Akafungua la pili. Alitoa sumaku yake mwenyewe akaipitisha kwenye shaba, kwenye alminiamu, juu na chini. Haikukamata chochote.

"Mama, hii mali imechambuliwa na nani? Hata vijana wangu hawachambui hivi."

Mama alivuta kanga yake begani. "Fundi Issa, mume wangu," alisema. "Na binti yetu."

Karani alitoka nje juani mpaka kwenye guta, akainama. "Fundi, shikamoo." Alimpa mkono wa kushoto baada ya kuona wa kulia haufanyi kazi, na hakuzungumza juu ya kichwa chake. Alimwambia uzito wa kila gunia yeye mwenyewe, moja baada ya jingine, na baba alisikiliza yote, kisha akashusha kichwa. Friza lilinunuliwa jioni ileile na chenji ikabaki. Sikwenda Mahurunga, isipokuwa likizo.

Kuna jambo moja nimelipita makusudi, kwa sababu sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Asubuhi ile, kabla ya kupakia, baba alinipeleka ndani ya banda mpaka kwenye jiliwa lake, lile la kubania chuma, lililofungwa kwa bolti nne mezani tangu kabla sijazaliwa. Alinipa spana. Mama alisema, "Hilo acha, Baba Zuhura, hilo utalihitaji ukipona." Baba alitikisa kichwa, akanionyesha bolti ya kwanza. Zilikuwa zimekaza kweli. Niliweka spana, nikaivuta kwa uzito wangu wote, ikateleza, nikaiweka tena kama alivyonifundisha, na moja baada ya nyingine zikaachia. Nilikuwa nimefurahi, jamani. Nilikuwa nahesabu kilo tu. Nilipoinua uso niliona machozi yanamtiririka, nikadhani analililia jiliwa. Kwa miaka nilibeba hatia hiyo, kwamba mimi ndiye niliyefungua kazi ya baba yangu nikaitia kwenye gunia huku nacheka.

Baba aliishi miaka sita baada ya hapo. Mwaka juzi, siku niliyopokea cheti changu cha uchomeleaji, nilimweleza mama hayo yote tukiwa jikoni. Aliacha kukuna nazi, akanishangaa.

"Jiliwa?" alisema. "Mwanangu, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba yako hakuliangalia jiliwa hata mara moja. Alikuwa anaangalia mikono yako."